Mududu wa Mama Mudogo: kusoma alama za kiwavi mbele ya kumpa jina

Hii habari naianza na aibu yangu mwenyewe, maana bila ile aibu singekuwa na kitu cha kuwaeleza leo.

Ilikuwa Novemba 2018, sezoni A, nikiwa mwaka wa mwisho wa lisansi katika agronomi. Mama mudogo wangu analima mahindi katika uwanda wa Ruzizi, upande wa Uvira. Lile shamba si mchezo kwetu. Ndilo lilinilipia minervali miaka mitatu. Siku moja akanitumia foto kwenye WhatsApp, foto moja tu, yenye ukungu, ya kiwavi mweusi-mweusi juu ya jani. Nyuma yake, sauti: "Mutoto yangu, angalia hii mududu. Ilikuya na mvua, iko inakula mahindi yote. Weye njo unasomaka hii mambo, utuambie ni nini na tufanye nini."

Nikafungua silabusi yetu ya wadudu. Nikaona: kiwavijeshi wa Afrika, mweusi, anatokea na mvua, anakula nafaka. Mweusi, mvua, mahindi. Nikajibu mbele dakika tano hazijaisha: "Mama, huyu ni kiwavijeshi. Anakula wiki mbili hivi, kisha anaingia mu udongo, inaisha. Usiharibu feza ku dawa."

Akaniamini. Akangoja. Wiki tatu nyuma nikashuka toka Bukavu kumwona. Mioyo ya mahindi ilikuwa imetobolewa, imejaa mavi kama unga wa mbao, na viwavi walikuwa bado mule ndani, wakubwa na wadogo pamoja. Mama hakunigombeza. Alisema tu: "Ulisema itaisha." Ile sezoni alivuna mifuko mitatu, yeye aliyezoea kuvuna minane.

Yule kiwavi hakuwa yule wa silabusi. Silabusi yetu iliandikwa mbele ya 2016, na mwaka ule wa 2016 ndio kiwavi mgeni alionekana mara ya kwanza Afrika, katika nchi za magharibi na kati. Asili yake ni Amerika ya joto. Kufikia 2018 alikuwa amefika karibu nchi zote za kusini mwa Sahara, kwa sababu kipepeo wake wa usiku anaweza kuruka kilometa nyingi katika usiku mmoja. Jina lake la kisayansi ni Spodoptera frugiperda. Wafransa wanamwita chenille légionnaire d'automne, na wataalamu wa Tanzania na Kenya wanamwita kiwavijeshi vamizi.

Toka siku ile nimejifunza kitu kimoja ambacho nataka kila mwenye lisansi akishike: jina la kiwavi ni amri ya kazi. Ukitoa jina, mtu kule shambani anatenda kufuatana na jina hilo. Basi tuone namna ya kulitafuta.

RANGI INADANGANYA

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na rangi. Kiwavijeshi vamizi anaweza kuwa kijani, kahawia, ao karibu mweusi. Inategemea umri wake, chakula chake, na kama wako wengi pahali pamoja. Yule wa Afrika naye ni vilevile: akiishi peke yake ni kijani ao kahawia, wakisongamana anakuwa mweusi sawa kitambaa cha veluri, na mistari ya rangi hafifu mwilini. Kwa hiyo "mweusi" ya foto ya mama haikuniambia kitu chochote. Rangi ni kama shati, mtu anabadilisha. Tafuta kitu kisichobadilika haraka: umbo la mwili, alama za kichwa, na nukta za mgongoni.

KWANZA, NI KIWAVI KWELI?

Mbele ya kutafuta jina, hesabu miguu. Kiwavi wa kipepeo (wa mchana ao wa usiku) ana kichwa kigumu, kisha pingili tatu za kifua, kila moja na jozi ya miguu ya kweli, migumu na yenye ncha. Hiyo ni miguu sita. Nyuma yake kuna tumbo la pingili kumi. Chini ya tumbo kuna miguu ya nyama, mifupi na laini, isiyozidi jozi tano: nne katikati ya tumbo, na moja mwisho kabisa ya kushikia.

Ukihesabu jozi sita ao zaidi za miguu ya nyama, yule si wa kipepeo, ni wa ukoo wa nyigu. Kama hana mguu hata mmoja, uwezekano mkubwa ni mtoto wa inzi ao wa mbawakawa. Na kama ana jozi mbili tu za miguu ya nyama, na anatembea kwa kujikunja mgongo juu sawa mtu anayepima kitambaa kwa shubiri, huyo ni wa jamii nyingine ya vipepeo. Watu wengi wanarukia jina bila kupita hapa, na wanapotea toka mwanzo.

ALAMA ZA KIWAVIJESHI VAMIZI

Chukua kiwavi mkubwa, mwenye sentimeta tatu hivi. Msafishe mavi na maji kidogo, mweke ndani ya sahani nyeupe. Sasa angalia kwa utaratibu huu:

1. Uso. Kichwa ni cheusi-cheusi ao kahawia, na katikati ya uso kuna mstari mweupe-mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa: mkia wa Y uko juu, miguu miwili inashuka kuelekea mdomo.

2. Matako. Karibu na mwisho wa mwili (vitabu vingi vinasema pingili ya pili toka mwisho, kwa hesabu ya kisayansi ni pingili ya 8 ya tumbo), kuna nukta nne nene nyeusi ambazo zimepangwa mraba, sawa namba nne ya dadu. Hii njo alama yenye nguvu kuliko zote.

3. Mgongo. Kwenye pingili zingine za tumbo kuna nukta nne pia, lakini ndogo, na hazifanyi mraba: mbili za mbele ziko karibu-karibu, mbili za nyuma zimeachana zaidi.

4. Ngozi. Inaonekana laini, na mistari mitatu hafifu inayotoka nyuma ya kichwa mpaka mkiani. Katika nukta kuna vinywele vichache tu. Ukimkuta ana manyoya mengi, acha, si huyu. Tena usimshike na mkono mutupu, maana viwavi wengine wenye manyoya wanawasha vibaya.

Sasa muangalie hapa muzuri, kwa sababu hata maagronomu wanateleza: ile Y peke yake haitoshi. Viwavi wengine wa ukoo huu wana mstari unaofanana na Y usoni, hata yule kiwavijeshi wa Afrika. Y ikikutana na mraba wa nukta nne, hapo unaweza kusema kwa nguvu. Y bila mraba, funga mdomo kwanza.

Na jambo lingine: umri. Kiwavi huyu anabadilisha ngozi na kupita hatua sita za ukuaji. Wale wa hatua za kwanza ni wadogo sana, kijani hafifu na kichwa cheusi, na alama bado hazijakomaa. Mtoto mchanga wa kiwavi anafanana na watoto wa wengine wote. Usimpe jina. Mulishe siku kadhaa, kisha umwangalie tena.

WANAOFANANA NAYE KATIKA MASHAMBA YETU

Kiwavijeshi wa Afrika (Spodoptera exempta). Hana zile nukta nne nene za mraba. Lakini tofauti kubwa iko katika mwendo: wanatokea wengi kwa mara moja, karibu wote umri mmoja, wanakula wazi juu ya majani mchana, wanatembea kwa makundi toka shamba moja kwenda lingine. Wanapenda nafaka na majani ya jamii yake: mahindi, mtama, mpunga, malisho ya ng'ombe. Katika wiki mbili ao tatu wanaingia udongoni pamoja. Na niseme ukweli wote: hata kama angekuwa huyu, ushauri wangu wa "ngojea" ulikuwa mubaya, kwa sababu katika zile wiki anaweza kubakiza vijiti tu shambani.

Kitoboa bua (Busseola fusca). Huyu tunamjua toka zamani, hasa katika milima sawa Kabare na Walungu. Rangi yake ni ya maziwa yaliyochanganyika na pinki ao kijivu, kichwa ni kahawia, na nukta zake hazionekani sana. Akiwa mdogo anakula ndani ya moyo wa muhindi, na jani likifunguka unaona matundu yaliyopangwa mstari. Kiisha anatoboa bua na kuishi ndani. Ukivuta jani la katikati likatoka lenyewe, limekauka, pasua bua umtafute mule.

Kiwavi wa tomati na magunzi (Helicoverpa armigera). Anapatikana katika tomati, pamba, mbaazi, na kwenye ncha ya gunzi la muhindi. Rangi yake inabadilika sana, lakini ana mstari mweupe-mweupe ubavuni, vinywele vifupi vinavyoonekana zaidi, na hana mraba wa nukta nne. Kuwa ndani ya gunzi si ushahidi peke yake, kwa sababu vamizi naye anaingia mule.

Kiwavi wa mboga (Spodoptera littoralis). Ni ndugu wa karibu, anapenda shu, tomati, lengalenga na mboga zingine. Mgongoni ana madoa mawili makubwa meusi karibu na mwanzo wa tumbo na mengine mawili karibu na mwisho. Mtu asiyehesabu vizuri anaona madoa ya mwisho na kusema "ni vamizi". Hesabu: ni mawili ao manne? Ni nukta ao ni madoa ya pembe?

MMEA NA MAVI NI MASHAHIDI

Wamama wa kwetu wanajua hii elimu kuliko tunavyofikiri. Mwangalie mama anayeuza mbinzo sokoni Kinshasa, ao wale wanaookota viwavi wa kula katika misitu ya Katanga. Hawali kila kiwavi. Kwanza wanauliza: alikuwa juu ya mti gani? Kisha wanaangalia miiba, mistari, na wakati wa mwaka. Hiyo ni njia ileile ya maabara, bila lupe.

Basi na sisi tuulize shamba. Kiwavijeshi vamizi anapenda muhindi kuliko yote, ingawa anaweza kula mimea ya jamii nyingi. Watoto wake wanakwangua jani upande mmoja, linabakia ngozi nyembamba inayopitisha mwanga sawa dirisha la plastiki. Akikua anashuka mu moyo wa muhindi, anatoboa matundu makubwa yasiyo na mpango, na anafunga mlango kwa mavi yake yenye unyevu, kama unga wa mbao. Mayai yake yanakaa pamoja juu ya jani, kwa kawaida 100 mpaka 200, na mara nyingi yamefunikwa na kitu kama pamba ao ukungu wa kijivu. Ni magamba ya mwili wa mama yake.

Na katika moyo mmoja kwa kawaida utakuta mkubwa mmoja tu. Kwa nini? Nitawaambia nilivyojua.

FUGA, UONE MWENYEWE

Siku ile ya aibu sikurudi Bukavu mikono mitupu. Nilichukua viwavi sita, nikawatia ndani ya chupa moja ya plastiki na majani ya muhindi. Asubuhi nikahesabu: wane. Wawili walikuwa wameliwa na wenzao. Ndiyo sababu ya mmoja-mmoja mu moyo: wanakulana. Ukitaka kufuga, kila mmoja na chupa yake.

Nikawatenganisha. Kila siku nikaondoa mavi na majani ya zamani, nikaweka jani jipya lisilopigwa dawa. Chini niliweka udongo wenye unyevu kidogo, vidole vinne hivi kwenda chini, kwa sababu anageuka buu ndani ya udongo. Mdomo wa chupa nikafunga na kitambaa chepesi cha kupitisha hewa. Mmoja akafa. Watatu wakaingia udongoni. Katika uwanda wa joto wangetoka mapema, lakini kwa baridi ya Bukavu nilingoja siku kumi na nane. Akatoka dume: mabawa ya mbele kijivu na kahawia, yenye michoro, na doa jeupe karibu na ncha, mabawa ya nyuma meupe. Yule kipepeo njo alinimaliza kabisa. Hapo sikuwa tena na nafasi ya kujitetea.

Kufuga kunachukua muda, najua. Lakini kiwavi akikushinda, kipepeo wake mara nyingi anasema wazi zaidi. Na kazi hii haiombi maabara wala mfadhili, inaomba chupa na uvumilivu.

FOTO TATU, SI MOJA

Wengi wetu tunapokea maswali kwa simu. Foto moja ya ukungu isikuvute kujibu. Omba hizi:

– Uso wa kiwavi, toka mbele.
– Mgongo mzima toka juu, na matako yaonekane. Kuwe na kitu cha kupimia pembeni: kalamu, kibiriti, ao noti ya mia tano.
– Mmea: pale alipokutwa, jani lililoliwa, na moyo ukifunguliwa.

Simu ikishindwa kuona karibu, piga foto kwa umbali kidogo mahali pa mwanga, kivulini, kisha ukate picha. Usitumie flashi juu ya mwili wenye maji, inaficha nukta. Andika tarehe, mahali, umri wa mahindi, na kama kuna wengi ao mmoja-mmoja. Ni mega chache tu, si bei ya mifuko mitano ya mahindi.

JINA LINABADILISHA NINI?

Nipite haraka hapa, kwa sababu dawa ni habari ya siku nyingine. Kama ni kiwavijeshi wa Afrika, haraka ndiyo kila kitu: julisha majirani siku ileile, mtende wakiwa bado wadogo. Kama ni kitoboa bua, ng'oa mimea iliyokufa moyo, na baada ya mavuno usiache mabua shambani, maana anajificha mule wakati wa ukame.

Kama ni vamizi, usitegemee kuwa "ataisha", kwa sababu vizazi vinafuatana: katika joto mzunguko wake ni siku 30 hivi, na wakubwa wanakutana na wadogo katika shamba moja. Tembelea shamba mara mbili kwa wiki toka mahindi yakiota. Tembea kwa umbo la W, simama pahali patano, angalia mimea kumi kila pahali. Ponda mayai na viwavi kwa vidole wangali wadogo. Kiwavi mkubwa aliyejifungia mu moyo na mavi yake, dawa nyingi hazimfikii, na feza ya dawa inapotea. Zaidi ya hapo, epukeni zile chupa za soko zisizo na karatasi ya maelezo.

Nimalizie na mama mudogo. Bado analima palepale. Sezoni iliyopita akanitumia foto tatu bila mimi kuomba: uso, mgongo, shamba. Na sauti fupi: "Nimehesabu zile nukta za nyuma, naona ine. Nawe hesabu, usijibu mbio-mbio." Nikakuza foto, nikahesabu. Nne, za mraba. Y ilikuwepo. Alikuwa ameisha kuanza kuponda mayai mbele hata ya kuniandikia.

Wapendwa, tumesoma kwa jasho la watu wanaotuuliza. Wakituuliza na jibu hatuna, tuseme: "Ngoja kwanza niangalie." Hiyo si aibu. Aibu niliishaiona, ilikuwa mifuko mitatu chini ya paa la mama.